Kubadilisha vipimo vya mgandamizo wa hewa, hektopaskali na inchi za zebaki: mwongozo kwa wakazi wa Dar es Salaam

Mgandamizo wa hewa katika Dar es Salaam hubadilika kidogo sana. Katika siku ya kawaida, tofauti kati ya kiwango cha juu na cha chini ni hektopaskali 2 hadi 3 tu, na hata ukilinganisha joto la Februari na kipupwe cha Julai utakuta kwamba wastani umepanda kwa hektopaskali chache. Huko London mgandamizo unaweza kushuka kwa hektopaskali 30 ndani ya wiki moja, na mtu anayekosea hesabu kidogo bado ataona wazi kwamba kuna dhoruba inayokuja. Hapa kwetu kosa dogo la hesabu linatosha kufunika badiliko lote la siku, na kwa sababu hiyo kazi ya kubadilisha vipimo, ambayo wengi huiona kuwa ni ya kuzidisha mara moja na kumaliza, inastahili kufanywa kwa uangalifu.

Mwongozo huu unamlenga mtu yeyote ambaye kifaa chake na taarifa anazozipata hazitumii kipimo kimoja: mwalimu wa jiografia ambaye shule yake ina barometa ya zamani yenye inchi, mwanafunzi wa urubani anayesoma vitabu vya Marekani, nahodha wa chombo kidogo bandarini, au mkazi wa Kigamboni aliyenunua kituo kidogo cha hali ya hewa kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Unachohitaji ni kikokotoo, kalamu na daftari.

Hatua ya kwanza: tambua kipimo kilichotumika

Kipimo cha msingi cha kimataifa ni paskali, yaani nguvu ya nyutoni 1 inayokandamiza eneo la mita 1 ya mraba. Paskali moja ni ndogo mno, kwa hiyo wataalamu wa hali ya hewa hutumia hektopaskali, ambayo ni paskali 100 na huandikwa hPa. Milibaa, inayoandikwa mb au mbar, ina thamani ileile ya hektopaskali bila tofauti yoyote, na ukikutana nayo katika vitabu vya zamani huna hesabu ya kufanya. Kilopaskali ni paskali 1,000, hivyo hektopaskali 1012.4 ni sawa na kilopaskali 101.24.

Upande wa vipimo vya Kiingereza kuna inchi za zebaki, zinazoandikwa inHg, na pauni kwa inchi ya mraba, zinazoandikwa psi. Milimita za zebaki, yaani mmHg, hutumia urefu wa metriki lakini hazimo katika mfumo rasmi wa kimataifa, nazo utazikuta zaidi hospitalini na katika barometa za zamani zilizotengenezwa Ulaya.

Mara nyingi ukubwa wa namba peke yake unatosha kukuambia kipimo kilichotumika, hata kama alama imefutika kwenye uso wa kifaa. Karibu na usawa wa bahari, namba inayokaribia 1,010 ni ya hektopaskali au milibaa, inayokaribia 101 ni ya kilopaskali, inayokaribia 760 ni ya milimita za zebaki, inayokaribia 30 ni ya inchi za zebaki, na iliyo kati ya 14 na 15 ni ya pauni kwa inchi ya mraba. Ukiona namba inayokaribia 1, angalia kwa makini zaidi, kwa kuwa inaweza kuwa baa, ambayo ni hektopaskali 1,000 kamili, au inaweza kuwa angahewa sanifu, ambayo ni hektopaskali 1013.25. Tofauti ya 13.25 kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko badiliko lolote utakaloliona Dar es Salaam katika wiki ya kawaida.

Hatua ya pili: jua namba hiyo inaeleza mgandamizo gani

Naona kwamba hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, ingawa ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Kabla ya kuzidisha chochote, jiulize maswali mawili.

La kwanza ni kama namba hiyo inahesabiwa kuanzia utupu au kuanzia mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Barometa hupima mgandamizo kamili, yaani kuanzia utupu. Kipimo cha fundi anayejaza upepo kwenye matairi hakifanyi hivyo, kwani kinaonyesha ziada tu iliyo juu ya mgandamizo wa nje. Tairi lenye psi 32 kwa kipimo cha fundi lina mgandamizo kamili wa takribani psi 46.7, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe inakaribia psi 14.7. Vivyo hivyo, shinikizo la damu la milimita 120 za zebaki ni ziada juu ya hewa iliyo nje ya mwili. Namba za aina hizi hubadilishwa kwa hesabu zilezile za kuzidisha, lakini kamwe zisilinganishwe na taarifa ya hali ya hewa.

Swali la pili ni kama namba hiyo ni ya mahali kifaa kilipo au imekwisha kurekebishwa hadi usawa wa bahari. Taarifa zinazotolewa kwa umma kwa kawaida ni za usawa wa bahari, ili miji iliyo katika miinuko tofauti iweze kulinganishwa. Hewa ya mahali palipo mita 1,700 juu ya bahari, kama ilivyo Mbeya mjini, ina mgandamizo unaokaribia hektopaskali 825, na kama kila mji ungetangaza namba yake halisi, ramani ya nchi ingekuwa ramani ya milima.

Wakazi wa Dar es Salaam huamini kwamba jambo hili haliwahusu kwa kuwa mji uko pwani. Linawahusu. Katika hewa yenye joto kama ya kwetu, kila ukipanda takribani mita 8.7 mgandamizo hushuka kwa hektopaskali 1. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko mita 55 juu ya usawa wa bahari, na hiyo ni tofauti ya zaidi ya hektopaskali 6. Mtu anayeishi ghorofa ya kumi katikati ya mji, takribani mita 30 juu ya barabara, anasoma namba iliyo pungufu kwa karibu hektopaskali 3.5 kuliko aliye chini. Kwa hiyo simu yenye kihisi cha mgandamizo, ikionyesha hektopaskali 1006 wakati taarifa ya uwanja wa ndege inasema 1012, huenda haina kasoro yoyote.

Ili kurekebisha, gawanya mwinuko wa mahali pako kwa 8.7, kisha ongeza jibu kwenye namba ya hektopaskali. Nyumba iliyo mita 100 juu ya bahari itaongeza takribani hektopaskali 11.5, sawa na inchi 0.34 za zebaki. Kanuni hii inafaa kwa miinuko midogo ya mjini na viunga vyake tu. Kwa Arusha au Mbeya inahitajika hesabu kamili inayozingatia joto la hewa, kwa kuwa hewa huwa nyepesi zaidi kadiri unavyopanda.

Hatua ya tatu: pata namba sahihi za kuzidishia

Mwaka 1643 Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha kwamba hewa inaweza kubeba safu ya zebaki yenye urefu wa takribani sentimita 76 ndani ya mrija wa kioo uliozibwa juu. Tangu hapo watu walipima mgandamizo kwa urefu wa safu hiyo, na waliotumia inchi wakahesabu inchi. Kwa sababu hiyo, namba ya kubadilishia inaweza kupatikana na mtu yeyote mwenye kikokotoo, na ninapendekeza uifanye hesabu yenyewe walau mara moja. Chukua uzito wa zebaki kwa ujazo, ambao ni kilo 13,595.1 kwa mita ya ujazo katika nyuzi joto 0 za Selsiasi, uzidishe kwa mvutano sanifu wa dunia, ambao ni 9.80665, kisha uzidishe kwa urefu wa inchi moja katika mita, ambao ni 0.0254 kamili. Jibu ni paskali 3,386.39, yaani hektopaskali 33.8639.

Hivyo basi, inchi 1 ya zebaki ni hektopaskali 33.8639, na hektopaskali 1 ni inchi 0.02953 za zebaki. Milimita 1 ya zebaki ni hektopaskali 1.33322, na hektopaskali 1 ni milimita 0.75006. Psi 1 ni hektopaskali 68.9476, na hektopaskali 1 ni psi 0.0145038. Hewa sanifu ya usawa wa bahari, ambayo ni hektopaskali 1013.25, ni sawa na milimita 760 za zebaki, inchi 29.92 na psi 14.696. Andika mstari huo wa mwisho kwenye jalada la daftari lako, kwa kuwa utautumia kukagua kila jibu.

Kuna mtego mmoja katika vikokotoo vya mtandaoni na majedwali ya uhandisi. Baadhi yake huorodhesha aina mbili za inchi ya zebaki, moja ya nyuzi 0 za Selsiasi, ambayo ni 32 za Farenhaiti, na nyingine ya nyuzi 60 za Farenhaiti. Zebaki yenye joto hupanuka na kuwa nyepesi kidogo, kwa hiyo inchi ya aina ya pili ni paskali 3,376.85 tu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukiizidisha kwa inchi 30 inafikia karibu hektopaskali 2.9, yaani badiliko lote la siku nzima hapa Dar es Salaam. Kwa hali ya hewa na usafiri wa anga, tumia ile ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Hatua ya nne: fanya hesabu

Tuseme barometa inaonyesha hektopaskali 1012.4 na unahitaji inchi. Zidisha 1012.4 kwa 0.02953 na utapata 29.896, ambayo inaandikwa 29.90 kwa nafasi mbili za desimali. Kwa upande wa pili, tuseme kifaa kinaonyesha inchi 30.05: zidisha kwa 33.8639 na utapata hektopaskali 1017.6.

Sasa tazama kinachotokea mtu akifupisha namba ya kuzidishia. Akigawanya 1012.4 kwa 34 badala ya 33.8639, atapata inchi 29.78, pungufu kwa inchi 0.12, ambazo ni sawa na hektopaskali 4. Akizidisha kwa 0.03, kwa kuwa inakaribia 0.02953, atapata 30.37, namba iliyopita kiwango sahihi kwa kiasi kinacholingana na hektopaskali 16. Namba hiyo ya mwisho ingemfanya aamini kwamba hewa nzito kupita kiasi imetanda juu ya pwani yetu, wakati ni siku ya kawaida kabisa. Kosa halikuwa katika kuzidisha, bali katika kukata desimali za namba ya kuzidishia kabla ya hesabu kuisha. Acha tarakimu zote ziwemo hadi mwisho, kisha ndipo ukadirie jibu.

Psi zinabadilishwa kwa namna hiyohiyo, lakini sioni faida ya kuzitumia kwa hali ya hewa. Hektopaskali 1012.4 ni psi 14.68, na badiliko la siku nzima la hektopaskali 3 lingeonekana kama psi 0.04. Waachieni mafundi wa matairi na wa mashine za kusukuma hewa.

Hatua ya tano: hesabu ya kichwani iliyo salama

Inawezekana kutumia namba iliyofupishwa bila kuharibu jibu, mradi uitumie kwa tofauti tu na si kwa namba nzima. Anza na jozi unayoijua, yaani 1013.25 na 29.92. Tafuta ni kwa kiasi gani namba yako inatofautiana na jozi hiyo, badilisha tofauti hiyo kwa kuhesabu kila hektopaskali 1 kuwa inchi 0.03, kisha uiongeze au uitoe.

Kwa mfano, hektopaskali 1008 ziko chini ya 1013.25 kwa 5.25. Zidisha 5.25 kwa 0.03 upate takribani 0.16, kisha uitoe kwenye 29.92 na utapata 29.76. Jibu la kikokotoo ni 29.77. Kosa ni inchi 0.01 tu, kwa sababu ufupisho uligusa tofauti ndogo badala ya namba nzima. Kurudi upande wa pili, hesabu kila inchi 0.01 kuwa theluthi ya hektopaskali, au kila inchi 0.1 kuwa hektopaskali 3.4. Inchi 29.85 ziko chini ya 29.92 kwa 0.07, ambayo ni takribani hektopaskali 2.4, hivyo jibu ni karibu 1010.8.

Unapobadilisha badiliko lenyewe, kama kushuka kwa hektopaskali 3 kwa muda fulani, jozi ya kuanzia haihitajiki. Zidisha 3 kwa 0.02953 na utapata inchi 0.09. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hulipuuza. Katika ukanda wetu wa tropiki, jua huipasha angahewa ya juu joto na kuifanya ipande na kushuka kwa mpangilio mara mbili kwa siku. Mgandamizo hufikia kilele karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hushuka hadi chini karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kushuka kwa inchi 0.09 kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni ni mwendo wa kila siku na hakuashirii mvua. Linganisha namba ya saa 10 jioni ya leo na ya saa 10 jioni ya jana. Tofauti hiyo ndiyo yenye habari. Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani ya Tanzania kikielekea Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, aliyekuwa na daftari la siku zilizotangulia, lenye saa na kipimo kimoja, alikuwa na msingi wa kulinganisha ambao aliyeanza kusoma siku hiyo hakuwa nao. Hata hivyo, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndizo za kufuatwa, kwa kuwa barometa moja ya nyumbani haioni yanayotokea baharini.

Kuhusu desimali zinazostahili kuandikwa

Inchi 0.01 ni sawa na hektopaskali 0.34. Kwa hiyo inchi zenye nafasi mbili za desimali na hektopaskali zenye nafasi moja zinakaribiana kwa usahihi, na hakuna sababu ya kuandika zaidi ya hapo. Kikokotoo kikikupa 29.896172, tarakimu za mwisho hazitoki kwenye hewa.

Zingatia hili hasa unaposoma taarifa za viwanja vya ndege. Taarifa ya Dar es Salaam, ambayo hutambulishwa kwa herufi HTDA, huonyesha mgandamizo wa usawa wa bahari kwa herufi Q na tarakimu nne, kama Q1012. Kwa utaratibu wa kimataifa, desimali huondolewa kwa kushusha, kwa hiyo Q1012 inaweza kuwa 1012.0 au 1012.9. Ukiibadilisha, jibu lako liko popote kati ya 29.88 na 29.91. Marekani hutumia herufi A, na A2992 humaanisha inchi 29.92. Rubani anayekutana na herufi zote mbili lazima azitofautishe bila kusita, kwa kuwa kila inchi 0.1 iliyowekwa kimakosa huipeleka kando altimita yake, yaani kifaa kinachoonyesha mwinuko wa ndege, kwa takribani futi 90 hadi 100.

Kutumia hesabu hii kurekebisha barometa ya inchi

Barometa ya ukutani yenye kisanduku cha bati huwa na skrubu ndogo nyuma yake, na hurekebishwa kwa bisibisi nyembamba. Puuza maneno ya mvua na ukame yaliyoandikwa kwenye uso wake, kwa kuwa yaliwekwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Ulaya, na mvua zetu za masika hunyesha bila mgandamizo kushuka kwa kiasi cha kuufikisha mshale huko.

Fanya kazi hii saa 4 asubuhi au saa 10 jioni. Nyakati hizo mgandamizo umefika kwenye kilele au kwenye sakafu yake na hausogei haraka, hivyo kuchelewa kwa robo saa hakutakuharibia. Kumbuka kwamba taarifa za viwanja vya ndege huandikwa kwa saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, kwa hiyo taarifa yenye 0700Z ndiyo ya saa 4 asubuhi hapa. Ikisema Q1013, chukua katikati, yaani 1013.5, uzidishe kwa 0.02953 upate 29.93. Kwa kuwa namba hiyo ni ya usawa wa bahari, ukiuelekeza mshale hapo barometa itaendelea kusoma kwa usawa wa bahari bila wewe kurekebisha mwinuko kila siku, mradi usiihamishie ghorofa nyingine. Gonga kioo taratibu kwa kidole ili mshale uachie, zungusha skrubu kidogo kidogo hadi ufike 29.93, gonga tena, na uandike tarehe. Siku ya pili na ya tatu, saa ileile, linganisha na taarifa mpya. Ikiwa tofauti ni ndani ya inchi 0.02, iache kama ilivyo.